Tangi la Upepo la Mjomba Silvano

Kijiji cha Ujamaa Nampunga,
Newala.
14 Oktoba 1973

Kwa mpwa wangu Ethel, binti wa dada yangu Julia,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini ukiishika barua hii utaniamkia tu, basi naitika mapema, posta yetu unaijua. Sisi huku wazima. Mikorosho imechanua vizuri, mihogo ipo, na ukungu wa asubuhi mwaka huu ni mzito mpaka mbuzi wanagongana vichwa. Bomba la kijiji halitoi maji tangu Agosti, ukilifungua linakohoa tu kama mzee wa tumbaku. Bondeni hakuendeki, watu wanasema njia zimetegwa mabomu na Mreno, kwa hiyo wanawake hawashuki tena kuteka. Tunakinga umande wa mabati na kungoja lori la maji. Mama yako mzima. Amekaa hapa mlangoni ananitazama ninavyoandika. Miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea. Anakusalimu sana.

Sasa sikia jambo lenyewe, na kama umesimama, kaa.

Unalikumbuka lile lori lililokanyaga bomu kwenye mteremko wa kwenda Ruvuma? Watu walichukua mbao, wengine viti, mjinga mmoja akachukua honi. Mimi nikachukua matangi mawili ya breki za upepo. Nilipanda nayo ukingo wote bila kutua, moja begani, moja kichwani. Wanaosema nilisaidiwa na watu wanne ni waongo, walikuwa watatu. Moja lilikuwa na tundu, nikalitupa. La pili ndilo hili ambalo jina lake litasikika mpaka Dar es Salaam.

Nimetengeneza pangaboi kubwa, mapanga yake ni ya bati la madebe, nimelisimamisha pale ukingoni ambapo upepo wa kutoka Msumbiji unapiga kila siku kuanzia saa nane mchana. Pangaboi likizunguka, linasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo ndani ya tangi. Tangi likishiba nafunga koki. Upepo umelala mle ndani kama mwali, haonekani na mtu mpaka siku yake. Jioni nafungua koki kidogo, upepo unatoka na hasira, unapiga pistoni ya pili, pistoni inazungusha dainamo ya baiskeli, na redio ya kijiji inasema! Betri za dukani zimekwisha tangu Juni, ndugu zangu walikuwa hawajui kama vita imefika wapi. Sasa upepo wa mchana unatusomea taarifa ya habari ya jioni, dakika ishirini nzima. Mzee Husseni, mwenyekiti wetu, alipoisikia mara ya kwanza alivua kofia. Akasema, "Silvano, wewe ulisoma darasa la nne la wapi?" Nikamwambia, "La hapa hapa, ila mimi nilisikiliza."

Na bado. Juzi nafungua koki ya chini ya tangi, yakatoka maji! Maji, Ethel, na mimi sikutia hata tone. Upepo ukiubana unatoa jasho, hiyo ndiyo siri niliyoigundua. Newala nzima inalia kiu, mimi nakamua maji kwenye upepo.

Muulize yule kijana Lucian wa karakana ya misheni, huyo anayekutazama, koki ya pili ya saizi hii naipataje. Na umwambie wazee wake wasipotee njia wakaenda kwa baba yako. Kwetu sisi mwenye mtoto ni mjomba. Ingawa ni Mroma nitamsikiliza.

Mimi mjomba wako,
Silvano, fundi


Ndanda,
2 Novemba 1973

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika salama, nikaisoma wodini kwa wenzangu, wakacheka sana habari ya mbuzi. Mimi sijambo. Kazi ni nyingi, watoto wa surua wamejaa. Wasalimie wote, hasa Mzee Husseni.

Mjomba, kadi ya Mama ya kliniki inasema arudi hapa mwezi huu. Daktari alieleza mbele yako, sijui kama unakumbuka: moyo wake umechoka, ndiyo maana miguu inavimba. Dawa alizopewa zinakwisha tarehe kumi. Na alisema asifanye kazi nzito yoyote, hata kutwanga. Najua Mama hatoki nyumbani kwako bila neno lako. Ninaomba neno lako. Basi la kutoka Newala linafika hapa mchana, nitamngoja barabarani.

Kuhusu tangi nilimwonyesha Lucian barua. Hakucheka. Aliuliza, "Hayo maji anayamwaga?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwandikie leo leo. Kila siku akimaliza kazi afungue koki ya chini, amwage yote mpaka litoke kavu. Dereva wa lori anafanya hivyo hata kama ana haraka. Maji yakikaa humo, bati linaoza kwa ndani. Nje utaona rangi nzuri, ndani limebaki karatasi. Na siku likipasuka halichagui mtu." Koki ya pili anayo, atampa Mama atakapokuja, akuletee.

Habari ya wazee wake tuiache kwanza.

Wako,
Ethel


Nampunga,
9 Desemba 1973

Kwa Ethel, muuguzi wetu,

Marahaba sana. Tumeanza Majilio salama, kasisi alihubiri kirefu mpaka kuku wa sadaka akataga. Korosho zimeanza kuokotwa. Mama yako anaendelea. Dawa zimekwisha kama ulivyosema, lakini nimemchimbia mizizi ambayo marehemu bibi yako aliitumia, naye aliishi mpaka akachoka mwenyewe.

Nimeisoma habari ya Lucian wako na nimeisoma tena, nikadhani macho yangu yana mtoto wa jicho. Amwage maji! Newala! Mtu asimame hadharani, majirani wamekinga madebe mapajani wanangoja lori, amwage maji chini! Nilimsomea Mzee Husseni. Akaniuliza, "Huyo kijana kwao wapi?" Nikasema, "Ndanda." Akasema, "Wana mto." Ndio basi, mpwa wangu. Wenye mto hawawezi kutufundisha habari ya maji.

Mimi sikuanza ufundi jana. Nachingwea, kwenye karanga za Waingereza, mimi ndiye niliyekuwa naitwa tingatinga likigoma. Wazungu watatu wamesimama na vitabu vyao, naweka sikio kwenye injini, nasema, "Ana kiu." Wanatia maji, linawaka. Kwa hiyo chuma nakijua kinapenda nini. Maji sitayamwaga ng'o. Nayaacha yajikusanye humo humo, ambamo ng'ombe wala mwizi hawayafikii, mpaka siku ya maana. Nikiligonga tangi nasikia yanacheza chini.

Halafu nikupe habari ambayo sijampa mtu. Sasa mashine yangu inafanya kazi hata siku ambayo upepo haupo kabisa. Jani la mgomba halitikisiki, tangi linajaa vile vile. Usiniulize vipi. Ni siri ya ufundi, hata Mzungu wa Ndanda hawezi kuitegua.

Mama yako atakuja baada ya Krismasi. Kwa sasa ana shughuli. Anasema msimsumbue.

Mjomba wako,
Silvano


Ndanda,
3 Januari 1974

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi mzima.

Nimetuma dawa za Mama kwa mkono wa dereva wa basi. Zimefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Anywe asubuhi kimoja, jioni kimoja.

Krismasi imepita na Mama sijamwona. Unasema ana shughuli. Shughuli gani, Mjomba? Shamba lenu la mihogo analima mkeo, korosho mnaokota pamoja, maji hateki tena. Mama asiyetakiwa hata kutwanga ana shughuli gani inayomzuia kupanda basi?

Mama hajui kuandika, na kila neno lake linanifikia kupitia kalamu yako. Sisemi unalibadilisha. Ninaomba tu barua ijayo aweke kidole gumba chini yake, nijue amesomewa.

Kuhusu mashine, Lucian ananiuliza inajaaje bila upepo. Anasema nguvu haitoki hewani tu, lazima kuna mtu au kitu kinaitoa.

Wako,
Ethel


Nampunga,
17 Februari 1974

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Usikasirikie kuchelewa, mvua zimekata barabara, basi limekwama siku nne na abiria wamekula mizigo ya wenzao. Mimi nilikuwa nimelala kwa malaria, nzito hasa, mbu mwenyewe aliyeniuma alikufa. Huku mvua nzuri, mahindi yamefika kiunoni. Sasa maji ya mvua kila mtu anayo, lakini ya kwangu ya tangi ni mengine.

Dawa zimefika, asante. Mama yako anakunywa. Kidole gumba hajaweka kwa sababu kimetoka lengelenge, viganja vyote viwili vina malengelenge, si ugonjwa, ni kazi tu za nyumbani. Likipona ataweka kidole hata mara kumi.

Ethel, habari zangu zimefika mbali. Wageni wa mkoa watakuja Nampunga mwezi wa nne kutazama maendeleo ya vijiji, na kitu cha kwanza watakachoonyeshwa ni tangi langu. Si darasa jipya, si shamba la pamoja. Tangi! Mzee Husseni amepanga kila kitu: redio itawekwa mezani, itasema mchana kweupe kwa upepo uliohifadhiwa. Halafu, hapa ndipo nitakapowamaliza, nitatoa bilauri ya kioo, nitafungua koki ya chini, nitamkingia mgeni rasmi maji yaliyotoka kwenye upepo. Yapo ya miezi minne humo. Nimelipaka rangi ya kijani, linang'aa kama gari la sherehe. Jina langu nimeliandika ubavuni kwa rangi nyeupe.

Unajua miaka mingapi watu wa hapa wameniita Silvano Maneno? Tulipohamishiwa kijijini nilipewa kazi ya kulinda ghala tupu. Sasa vijana wananiita Fundi, na mkwe wangu ananipisha kiti. Mama yako anajua maana yake. Alisema mwenyewe, "Wakishaondoka wageni, nitakwenda Ndanda." Siku ya pili yake nampakia basi mimi mwenyewe, naapa kwa kaburi la mama yetu.

Umwambie Lucian nguvu inatoka kwenye ukoo wetu.

Mjomba wako,
Silvano, Fundi


Ndanda,
20 Machi 1974

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini malaria imeisha na nyumbani wote hawajambo.

Mwalimu Filemoni wa shule yenu alikuja hapa wiki iliyopita kung'olewa jino. Nilimkuta kwenye benchi, nikamwuliza habari za Mama. Akasema, "Mama yako hodari! Ningekuwa na miguu ile, ningeshafika Masasi kwa baiskeli."

Nikamwambia, "Mama hana baiskeli."

Akashika shavu kana kwamba jino limemrudia. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ndiye nitakayekushikia kichwa huko ndani, sema."

Akasema. Kwamba pangaboi liliangushwa na dhoruba mwezi wa kumi na moja, na mabati yake sasa yameezeka banda la kuku. Kwamba nyuma ya nyumba umejenga ua wa nyasi, na ndani ya ua kuna fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu, imefungwa kwenye pistoni ya tangi lako. Kila siku kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja watoto wanafukuzwa wasikaribie, na Mama anapiga pedeli mle ndani mpaka tangi lijae. Alimchungulia siku moja alipopita kutafuta mbuzi wa shule. Anasema Mama alikuwa amefunga kanga kichwani, anahema kwa mdomo, na alipomwona Mwalimu aliweka kidole mdomoni kumwomba asiseme.

Nilimuuliza, "Kijijini wanajua?" Akasema, "Watu wazima wanajua. Tunamheshimu mjomba wako. Na redio tunaitaka."

Kwa hiyo ndiyo shughuli. Ndiyo malengelenge. Mjomba, ile redio inayowasomea habari inakula moyo wa Mama. Unachohifadhi ndani ya tangi si upepo wa Msumbiji, ni nguvu za mgonjwa ambaye daktari alimkataza mchi.

Lucian ameuliza tena kama mmemwaga maji. Anasema miezi mitano ni mingi mno, tangi lisijazwe tena hata mara moja.

Bado naandika kwa heshima. Mlete Mama kabla ya Pasaka. Usipomleta, likizo yangu inaanza tarehe 27 Aprili. Nitakuja kumchukua, na safari hiyo sitaomba neno lako.

Ethel


Nampunga,
5 Mei 1974

Kwa mpwa wangu mpendwa Ethel,

Marahaba. Barua yako ya Machi nimeipata jana tu, posta imekuwa mbaya sana. Huku hatujambo. Mbaazi zinaendelea. Mke wangu amejifungua mtoto wa kike, mzima.

Mmesikia kwamba Mreno kapinduliwa huko kwao Ulaya? Ninyi mnadhani ni mambo ya wanajeshi wake. Sikia kwa mtu aliyekuwepo. Jumanne ile tarehe 23, saa nne asubuhi, wageni wameketi, kwaya inaimba, tangi langu limejaa kuliko siku zote, maana nilitaka redio iseme saa nzima. Likaunguruma. Likapiga mshindo ambao Tandahimba waliusikia, wakadhani Mreno amerudi na ndege. Likang'oka, Ethel, likapaa juu ya mikorosho, kijani kibichi, na jina langu ubavuni, likavuka ukingo, likavuka bonde, likavuka Ruvuma. Walioko ng'ambo waliliona likipita. Na siku mbili baadaye, mbili tu, Mreno akaanguka. Wewe ni msomi, hesabu mwenyewe. Mgeni rasmi alikuwa chini ya meza, na mimi peke yangu nilibaki nimesimama na bilauri mkononi.

Mama yako najua yuko hapo kwenu. Lori la wageni lilimchukua. Aliguswa kidogo mguuni. Nilitaka kupanda naye, nafasi ikawa haipo.

Sasa kuna jambo. Wametuma kamati ya watu watatu. Wameniuliza, "Nyuma ya ua kulikuwa na nani?" Nikasema hakuna mtu, mashine inajazwa na upepo. Wakauliza, "Yule mama aliumiaje?" Nikasema alikuwa anapita, anakwenda kuanika mihogo. Wameandika. Watakuja Ndanda kumuuliza yeye mwenyewe au watataka karatasi yenye kidole chake. Ethel, aseme hivyo hivyo: alikuwa anapita. Ni maneno mawili. Hayamrudishii wala hayampunguzii kitu.

Maana akisema alikuwa anapiga pedeli, mimi ni nani tena hapa? Wote walioketi siku ile watasema Silvano alimfunga dada yake kwenye baiskeli akawaambia watu ni upepo. Mzee Husseni ameacha kuja. Vijana wamerudi kule kule, Silvano Maneno. Nikipita dukani wanaiga mshindo kwa midomo.

Ile siku nilimwambia mara moja, "Dada, kama umechoka acha." Mungu ni shahidi. Akasema, "Limebaki kidogo." Kandambili yake moja bado ipo pale nyuma ya ua. Sijaigusa.

Nijibu upesi.

Silvano


Ndanda,
2 Juni 1974

Mjomba Silvano,

Sijakuamkia. Si kwamba nimesahau.

Mama alifika hapa tarehe 23 jioni, amelala juu ya magunia. Tarehe 25 walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Hakuguswa kidogo. Moyo wake siku ile ulisimama mara moja, ukarudi. Sasa anakaa kitandani, anakula uji, na akisahau anajaribu kushusha miguu yote miwili.

Daktari alitoa kipande cha tangi lako kwenye nyama ya mguu. Lucian alikiomba, akakiosha, akakikunja mbele yangu kwa vidole viwili kama jani kavu. Upande mmoja ulikuwa na rangi nzuri ya kijani. Kwa hiyo halikuvuka Ruvuma, Mjomba. Kipande chake nilichonacho ni hiki, kipo ndani ya kopo dirishani, na vingine viliokotwa na wauguzi kwenye nguo zake.

Barua yako nilimsomea yote. Nilidhani ile habari ya Mreno itamwudhi. Alicheka, Mjomba. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Tangu mdogo yuko hivyo hivyo." Nilipofika kwenye habari ya kamati nikasimama. Akasema, "Malizia." Nikamalizia.

Akakunjakunja ncha ya shuka. Halafu akasema, "Basi andika nilikuwa napita."

Nikasema, "Mama! Ulikuwa unapita?"

"Andika."

"Miezi mitano unapiga pedeli kwa ajili ya redio ya watu, leo unapita?"

"Ethel, mimi ndiye niliyembeba mgongoni yule, mama yetu akiwa shambani. Alikuwa akilia mpaka nimdanganye kitu. Andika."

Nilitaka kuichana karatasi. Lucian alikuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa, akatoka nje. Nimeandika. Karatasi ya kamati inasema kwamba Julia, dada wa Silvano, alikuwa anapita kwenda kuanika mihogo, na kidole chake kiko chini, cheusi, kinasomeka vizuri. Nimeituma Ijumaa. Mimi binti yake nimeandika uongo huo kwa mkono wangu kwa sababu ameniamuru, na nitaujua mpaka nife. Kwa hiyo kaa kwa amani. Ulichokuwa unakiogopa hakitakupata.

Kuna mambo mawili yaliyobaki.

Wazee wa Lucian watakuja mwezi wa saba. Hawatakuja Nampunga. Watakaa na Mama hapa, kwenye chumba nilichopewa na misheni, na yeye ndiye atakayewajibu. Kasisi wa kwetu ameniambia kwamba desturi inataka mjomba awepo. Nikamwambia mjomba ni mjomba kwa sababu ya dada yake.

La pili. Umetaka iandikwe kwamba Mama alikuwa anapita, na imeandikwa, ina tarehe na muhuri. Nami naifuata karatasi hiyo kama ilivyo. Mtu aliyekuwa anapita hapo hana jiko hapo, hana kitanda, wala hangojwi jioni. Harudi, Mjomba. Mwalimu Filemoni atapita Jumamosi kuchukua sanduku lake na kinu. Mpe.

Ethel, binti wa Julia